Vimeta Ndani ya Karatasi

Fundi anayeijua kazi yake akitaka habari za injini, hamuulizi dereva kwanza. Huichukua filta ya oili iliyofunguliwa, akaikata ukingoni kama mtu anayefungua kopo la maziwa, akaitoa karatasi yenye mikunjo iliyomo ndani, akaikamua, kisha akaitandaza juani. Weusi haumshtui, maana dizeli na masizi ni pete na kidole. Anachotafuta ni vimeta. Vikiwa vya rangi ya shaba, beringi za krenki zimeanza kulika. Vikiwa vya kijivu na sumaku ikavinasa, hicho ni chuma, na mwenye gari aanze kuweka akiba. Akikata kwa msumeno wa chuma atajidanganya mwenyewe, kwa sababu unga wa msumeno utaangukia ndani na kufanana na ugonjwa anaoutafuta. Ndiyo maana wenye uzoefu hutumia kifaa cha kukatia makopo au patasi, taratibu, pembeni kabisa.

Mahali pazuri pa kujifunzia usomaji huo ni Mloka. Kijiji hiki cha wilaya ya Rufiji kiko kando ya mto, kilomita chache kabla ya lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Kutoka Dar es Salaam lami inafika Kibiti bila matata. Kutoka Kibiti, kupitia Mkongo, zimebaki kilomita zaidi ya 100 za njia ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya udongo: kiangazi vumbi jepesi kama unga wa muhogo, masika tope jeusi linalong'ang'ania tairi. Magari ya watalii hupita hapo, na malori ya mizigo, Noah za abiria, bodaboda na mabasi. Wote wanakula vumbi lile lile, lakini si injini zote zinazolimeza kwa namna moja.

Filta ikikosekana Mloka, dereva wa gari la kwanza linalokwenda Dar hupewa namba kwenye kipande cha karatasi aende nayo Kariakoo. Njia hiyo ya spea ni ya zamani kuliko magari yanayoitumia leo. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji huku mitambo yake ikiwa mibovu. Vipuri vizito vilikokotwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa njia hiyo hiyo. 

Injini huishi juu ya utando wa oili. Mambo yakienda sawa, krenki haigusi beringi zake; inaelea juu ya oili inayosukumwa na pampu, na nafasi kati ya chuma na chuma hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Nafasi ya beringi mara nyingi ni ndogo kuliko hapo. Punje kubwa mno haiingii, na punje ndogo mno hupita bila kugusa pande zote mbili. Inayoua ni ile ya katikati, inayotosha kuingia na kukwaruza. Na mchanga, kama mchanga mwingi duniani, umejaa chembe za kwatsi, jiwe lenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs. Kisu cha kawaida cha jikoni hakifiki 6. Kwa hiyo vumbi la Mkongo likifika kwenye beringi, linachosaga ni chuma.

Magari ya mwanzo yalikwenda bila chujio la oili. Ford Model T iliyotoka mwaka 1908 ilirushiarushia oili ndani ya injini, na mwenye gari alitakiwa kuimwaga mara kwa mara. Mwaka 1923 Wamarekani Ernest Sweetland na George Greenhalgh walileta chujio waliloliita Purolator, jina lililofinyangwa kutokana na maneno ya Kiingereza yanayoahidi oili safi hapo baadaye. Gari la Chrysler la mwaka uliofuata lilitoka kiwandani likiwa nalo. Vyujio vya wakati ule vilisafisha sehemu ndogo tu ya oili katika kila mzunguko. Iliyobaki ilipita chafu vile vile. Kopo la kuzungusha kwa mkono, ambalo leo kila mwenye gari analijua kwa sura, lililetwa na kampuni ya WIX mwaka 1954.

Ndani ya kopo hilo mna mambo manne yenye maana. Oili huingia kwa matundu madogo yaliyozunguka kitako, hupenya karatasi kutoka nje kuelekea katikati, halafu hutokea kwenye tundu kubwa lenye uzi na kurudi kwenye injini. Karatasi imekunjwa ili eneo kubwa likae mahali padogo. Nyuma ya matundu ya kuingilia kuna ngozi ya mpira inayozuia oili isirudi chini gari likizimwa, ili asubuhi injini isiwake kavu. Ngozi hiyo ikiwa ya silikoni hustahimili joto muda mrefu kuliko ile nyeusi ya mpira wa kawaida, ambayo hukakamaa. Kisha kuna valvu ya dharura. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito kupita kiasi, valvu hufunguka na kuiruhusu oili ipite bila kuchujwa. Walioibuni walikubali kwamba oili chafu ni afadhali kuliko ukavu, nao hawakukosea. Ila dereva hana taa ya kumwambia kwamba valvu imefunguka. Anaendelea na safari akiamini injini inachujiwa, kumbe filta imeshageuka pambo.

Ukiuliza ni filta ipi nzuri, muuzaji atakutajia kampuni. Fundi mzuri atakuuliza injini.

Magari mengi ya utalii ya upande huu ni Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na sentimita za ujazo 4,164, isiyo na tabo, ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990. Inapendwa kwa sababu haina makuu. Filta yake ya Toyota ni namba 90915-30002, kopo kubwa kwa sababu injini yenyewe hunywa karibu lita 10 za oili. Toyota IST ya mtumishi aliyekuja likizo kutoka Dar, yenye injini ya 1NZ, inatumia kifilta kinachotosha kiganjani, kama 90915-YZZE1. Kampuni nyingine zinazotengeneza filta za magari hayo, kama Mann ya Ujerumani, VIC ya Japani au Sakura ya Indonesia, zina namba zake, na kila moja hutoa kitabu cha kulinganisha. Duka lisilo na kitabu hicho wala mtu wa kukisoma linauza kwa macho, na macho hapa hayatoshi.

Hayatoshi kwa sababu ya uzi. Filta ndogo nyingi za Toyota zina uzi wa robo tatu ya inchi, wenye meno 16 kwa kila inchi. Honda nyingi zina uzi wa milimita 20, na kati ya jino na jino ni milimita moja na nusu. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05. Tofauti haifiki milimita moja, na ukiyaweka makopo mawili mezani huwezi kuyatenganisha kwa jicho. Filta ya milimita 20 ikifungwa kwenye msumari wa robo tatu ya inchi inaweza kuingia, ikazunguka, ikabana kidogo, na fundi mwenye haraka akaridhika. Lakini meno yameshikana kwa ncha tu. Injini ikiwaka na oili ikiwa na msukumo mkubwa, kopo linaweza kuchomoka na kumwaga oili yote barabarani kwa muda mfupi kuliko dereva anavyohitaji kupunguza mwendo. Katikati ya Mkongo na Mloka, hiyo ni injini iliyonoki na usiku wa kulala ndani ya gari.

Hata uzi ukilingana, valvu inaweza isilingane. Injini nyingine zina valvu ya dharura kwenye mwili wa injini, kwa hiyo filta yake haina. Nyingine zinaitegemea ile ya ndani ya kopo. Subaru nyingi, zile wanazozipenda vijana wa mjini, zinataka valvu inayofunguka kwa msukumo mkubwa, karibu paundi 23 kwa inchi ya mraba, ambao ni zaidi ya filta nyingi za kawaida. Ukiifunga Forester filta ya gari jingine kwa kuwa tu imeingia, valvu itakuwa inafunguka mapema kuliko alivyokusudia aliyeiunda injini. Hakuna kelele utakayoisikia. Gari litatembea kwa raha, na hasara itajitokeza baadaye ikiwa na jina jingine.

Kuna ushauri unaozunguka gerejini kwamba kopo refu ni bora, kwa sababu lina karatasi nyingi zaidi. Ni kweli nusu. Likiwa na uzi ule ule, gasketi ile ile na valvu ile ile, karatasi nyingi huchukua uchafu mwingi. Lakini kwenye gari fupi kama IST, kopo hilo huning'inia chini, na njia ya Mloka ina visiki na matuta ya katikati yaliyochongwa na malori. Refu linalofaa Mikocheni, mjini Dar, linaweza kupasuliwa na kisiki cha kwanza baada ya Kibiti.

Karatasi yenyewe huwa ya nyuzi za miti, ya nyuzi za kutengenezwa kiwandani, au mchanganyiko wa zote mbili. Uwezo wake hupimwa kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO 4548-12: oili yenye vumbi la kipimo maalumu huzungushwa ndani ya filta tena na tena, na punje zikahesabiwa kabla na baada. Kampuni inayoandika kwamba inanasa mikroni 20 bila kusema inanasa asilimia ngapi ya punje za ukubwa huo haijasema kitu. Hata kikapu cha kukamulia nazi kinanasa punje mojamoja. Za nyuzi za kiwandani hudumu zaidi na ni ghali, na maana yake ni kumwezesha mtu wa barabara safi akae kilomita 10,000 au 15,000 bila kumwaga oili. Mtu wa Mloka hana anasa hiyo. Oili yake inatakiwa kumwagwa kila kilomita 5,000 au kabla ya hapo, na kwa mwendo huo filta ya karatasi ya kawaida, ya kampuni inayoaminika na ya namba sahihi, inamtosha kabisa. Pesa iliyobaki aipeleke kwenye filta ya hewa.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo kwa njia hizi, na hapo ndipo wengi hukosea. Vumbi haliingii kwenye oili kupitia kifuniko cha oili. Linavutwa na injini pamoja na hewa, linapita kwenye filta ya hewa iliyochoka au mpira wa hewa uliopasuka na kufungwa kwa gundi, linafika kwenye silinda, linazisaga ringi, halafu linateremka kwenye oili. Filta ya oili inalikuta vumbi lililokwisha kufanya kazi yake ya kwanza. Yupo dereva anayenunua filta ya oili ya bei ya juu kabisa, kisha kila jioni anaipuliza filta ya hewa kwa kompresa, kwa nguvu, kutoka upande usiofaa, mpaka karatasi inatoboka matundu yasiyoonekana. Ipuliziwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, na ikichoka itupwe. Hakuna filta ya oili, iwe imetoka Tokyo au Stuttgart, inayoweza kufidia tundu la ncha ya sindano kwenye filta ya hewa nyuma ya msafara wa magari sita yanayokimbilia Mtemere.

Kisha kuna bandia. Nchini Tanzania Tume ya Ushindani husimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na vipuri vya magari ni miongoni mwa bidhaa zinazoghushiwa sana. Filta inawarahisishia waghushi, kwa sababu uovu wake umo ndani ya kopo lililofungwa. Rangi ni ile ile, maandishi ni yale yale, sanduku ni zuri kuliko la halali. Ukiipindua na kuchungulia matunduni, mikunjo ni michache na imelala ovyo. Kofia zinazoishika karatasi hazikai sawa. Ngozi ya mpira haipo, au ni ngumu kama soli. Uzito husaidia pia: weka mpya kwenye kiganja kimoja, na kwenye kingine nyingine ya namba hiyo hiyo unayojua ni ya kweli. Mwenye magari mengi afanye kama wanavyofanya makampuni ya utalii yenye akili: anunue kwa duka moja, atunze risiti, na katika kila shehena akate filta moja mpya kabla ya kuzifunga zilizobaki. Filta moja iliyokatwa ni hasara ndogo sana mbele ya injini.

Magari mapya zaidi yamebadili sura ya kazi. Noah zilizotoka kuanzia mwaka 2007 zikiwa na injini ya 3ZR hazina kopo. Zina karatasi tupu inayokaa ndani ya kifuniko chake kwenye injini yenyewe. Uzuri wake ni kwamba fundi anaiona karatasi bila kukata chochote. Ubaya wake ni kifuniko. Asiye na kifungulio chake hukigonga kwa patasi, kikapasuka au kikapindika, na pete ya mpira ya zamani ikarudishwa kwa sababu mpya imepotea sakafuni. Oili ikianza kuvuja, lawama huenda kwa filta.

Bodaboda wana hadithi yao. Pikipiki nyingi za Kichina, zile ambazo injini zake zimeiga Honda CG125, hazina filta ya karatasi kabisa. Zina wavu mdogo chini, na kisahani kinachozunguka kwenye ncha ya krenki na kuutupa uchafu pembeni kwa kani ya mzunguko, ambako hugandamana kama ukoko wa wali. Wavu huoshwa, kisahani hufunguliwa na kukwanguliwa. Wengi hawajui kama kipo. Akili hiyo hiyo imo kwenye Land Rover za Td5, ambazo zina filta mbili: moja ya karatasi, nyingine ni kikombe kinachozungushwa kwa kasi na oili yenyewe. Mtu akibadilisha ile ya karatasi tu mwaka hadi mwaka, amefanya nusu ya kazi. Na boti zinazopeleka watalii mtoni? Mashine za mipigo miwili huichoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo hazina cha kuchuja. Za mipigo minne zina filta kama magari, na hizo unyevu ndio adui yao.

Maji, kwa kweli, ndiyo sura ya pili ya Rufiji. Aprili 2024 mto ulipofurika, maeneo ya Rufiji na Kibiti yalikuwa ziwa, na magari yaliyothubutu kupita yalikunywa. Karatasi ya nyuzi za miti hupenda maji: inavimba, matundu yake yanabana, oili inashindwa kupita, valvu ya dharura inafunguka. Ukichomoa stiki ukakuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, injini isiwashwe hata kwa majaribio. Imwagwe yote, ifungwe filta mpya, iwashwe muda mfupi na oili ya bei nafuu, imwagwe tena, na filta ibadilishwe tena. Filta mbili kwa siku moja huonekana ufujaji kwa mtu ambaye hajawahi kulipia krenki.

Ufungaji ni dakika chache, nazo zina mtego mmoja mkubwa. Filta ya zamani ikitoka, gasketi yake inaweza kubaki imeng'ang'ania kwenye injini. Mpya ikifungwa juu yake, gasketi mbili huteleza, na oili hutoka kwa kishindo. Kwa hiyo papapaswe kwa kidole kwanza. Gasketi mpya ipakwe oili safi, kopo lizungushwe kwa mkono mpaka liguse, kisha liongezwe robo tatu ya mzunguko, basi. Spana si ya kufungia. Hata ya kufungulia ikikosekana, mafundi wa vijijini huvingirisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli na kopo linalegea, jambo la kistaarabu kuliko kulitoboa kwa bisibisi. Injini ikiwashwa, taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache, halafu mtu achungulie chini.

Baki la mwisho ni kopo lenyewe, ambalo likitupwa kichakani linaondoka na oili ya kutosha kujaza glasi. Litobolewe juu na kupinduliwa kwenye dumu usiku kucha. Oili hiyo chafu haikosi wateja, kwa kuwa hupakwa kwenye nguzo kuzuia mchwa. Lakini kule bondeni, ambako wakulima husimamisha madungu ya kulindia mashamba na maji hupanda kila mara, nguzo iliyopakwa oili husimama ndani ya mafuriko, na sehemu ya rangi ile nyeusi huteremka na mto hadi kwenye mikoko ya delta, eneo lililoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2004, ambako watu wa Kibiti huvua kamba.